Kahawa, Buni na Akamwani

Mwezi wa Julai uliopita, katika mkutano mmoja wa kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ni tarehe 7 ya mwezi huo, nilimsikia kijana msomi, mwenye ufasaha wa kauli na haiba ya kusikilizwa, akiwahimiza hadhirina waanze kuitakasa lugha yetu kwa kuyatoa maneno yenye asili ya Kiarabu na kuyaweka ya Kibantu mahali pake. Na alipotakiwa atoe mfano wa neno la kwanza linalostahili kutolewa, akataja kahawa. Neno hilo, alisema, liliingia pamoja na majahazi, halina shina katika ardhi hii, na kuendelea kulitumia ni kuendelea kuwa wageni nyumbani kwetu. Watu wengi wakampigia makofi. Mwendeshaji wa mkutano akaufunga mjadala kabla sijapata nafasi ya kusema, nami nikarudi nyumbani na hoja ile kifuani, kwa sababu kati ya maelfu ya maneno ya Kiswahili kijana yule alilichagua lile hasa ambalo maisha yangu, bila ya mimi kukusudia, yamenipeleka kulifuata kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, na kutoka ziwani hadi Uhabeshi na Omani.

Nimezaliwa Tanga, nikalelewa Ngamiani katika nyumba ya babu yangu mzaa mama, nyumba yenye baraza pana iliyokabili njia. Baada ya sala ya alasiri, na tena baada ya isha, wazee wa mtaa walikusanyika pale barazani, na haukupita muda ila ulisikika mlio wa vikombe vya muuza kahawa, ambaye alikuwa na ada ya kuvigonganisha vikombe viwili ndani ya kiganja kimoja kwa mahadhi ambayo kila mtoto wa mtaa aliyajua na kuyaiga. Mkono wa pili ulichukua dele la shaba, na chini yake makaa yakiwaka ili kahawa isipoe njiani. Akifika hulitua dele, husuza vikombe katika ndoo ndogo ya maji, kisha huliinua dele na kumimina kahawa chungu kutoka juu kwa uzi mwembamba bila ya kudondosha hata tone. Nao wazee huipokea pamoja na kashata au kipande cha halua, wakainywa kwa mafunda madogo, huku habari za bei ya mkonge, za meli iliyotia nanga na za mikutano ya TANU zikizunguka baraza nzima. Mtu aliyetaka kujua nani ameoa, nani amefilisika na nani amerudi Hija hakuhitaji gazeti maadamu alikuwa na senti za kikombe kimoja.

Sisi watoto hatukupewa kahawa. Kazi yetu ilikuwa kutumwa dukani kununua buni, ambazo nyanya yangu alizikaanga chunguni mpaka zikatoa moshi na kubadilika rangi, akazitwanga kinuni pamoja na tangawizi kavu, na harufu yake ikakaa katika kanga zake mpaka siku ya pili. Kwa njia hiyo nilijifunza, pasi na kufundishwa na mtu, kwamba lugha yetu inavyo vitu viwili pale ambapo Mwingereza anacho kimoja: kilichomo guniani dukani ni buni, na mti uliozizaa ni mbuni, ilhali kilichomo kikombeni ni kahawa. Hapakuwa na mzee aliyemwambia muuzaji amtilie buni, wala nyanya hakupata kunituma dukani nikalete kahawa. Neno la kikombeni, kwa upande wake, lilikuwa limekwisha kuzaa watoto wa Kiswahili kamili: mkahawa, ambao ni nyumba ya kulia chakula hata kama hainywewi kahawa humo, na kahawia, ambayo ni rangi ya ngozi, ya udongo na ya mbao. Neno ambalo limekubali kuvaa viambishi vyetu na kutuzalia rangi na nyumba, sijui ni utakaso gani utakaoling'oa bila ya kuing'oa nusu ya ukuta.

Babu yangu alikuwa mtu wa vitabu, na jioni moja nilimwuliza kwa nini tunasema kahawa.

"Neno la Waarabu hilo, mjukuu wangu," akanijibu. "Na kwao zamani lilikuwa jina la mvinyo."

Nilidhani anafanya mzaha, maana yeye hakukosa sala hata moja na hakukosa kahawa hata jioni moja. Walakini alikuwa akisema kweli tupu. Katika mashairi ya kale ya Kiarabu qahwa ni miongoni mwa majina ya mvinyo, na wana lugha wa Kiarabu walilifasiri kwa kusema kwamba kinywaji hicho humwondolea mnywaji hamu ya chakula. Ilipofika karne ya 15 Masufi wa Yemeni walianza kunywa maji ya buni ili wapate kukesha katika dhikri, na jina la kileo likahamia kwenye kinywaji cha kuwaamsha wacha Mungu. Uhamisho huo haukukosa fitina. Mwaka 1511 msimamizi mmoja wa Makka, jina lake Kha'ir Beg, aliwakusanya mafakihi na matabibu wakaiharimisha kahawa, naye akaipiga marufuku. Lakini amri iliyotoka Kairo haikulikubali katazo lake lote, na kahawa ikarudi. Baadaye katika karne hiyo ya 16 mwanachuoni wa Misri, Abd al-Qadir al-Jaziri, aliandika kitabu kizima cha kutetea uhalali wake, na ni kwa sababu ya kitabu hicho kwamba leo tunazijua habari hizi kwa tafsili.

Yanayodhihirika hapa ni kwamba hata kwao wenyewe Waarabu neno hili halikuzaliwa na maana tunayoijua. Lilikuwa na maisha mengine, likaasi maisha hayo, likashitakiwa mbele ya mafakihi, na likashinda. Mwenye kusema kwamba kahawa ni neno la Kiarabu amesema kweli, lakini amefunua ukurasa mmoja tu wa kitabu kikubwa.

Ukurasa ulionishughulisha kuliko wote niliusoma Bukoba. Katika miaka ya 1970, baada ya kumaliza mafunzo ya ualimu, nilipangiwa shule moja katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu mwaka 1979 huitwa Kagera. Nikapanda reli hadi Mwanza, na kutoka Mwanza meli ya MV Victoria, nikateremka katika nchi ya migomba ambamo kila nyumba ilizungukwa na mibuni iliyopandwa chini ya vivuli vya migomba hiyo. Mimi mtoto wa Tanga nilidhani nimefika nyumbani kwa kahawa, na kwamba hapa bila shaka nitainywa kwa bei ya maji. Kumbe nilikuta watu wanakunywa chai, na pombe ya ndizi iitwayo rubisi, ilhali magunia ya kahawa yakisubiri ukumbini kupelekwa kwa mnunuzi.

Siku moja mwanafunzi wangu alinichukua kwao kuwaona wazazi wake. Bibi yake, mama mtu mzima aliyekuwa amevaa shuka mbili zilizofuliwa vizuri, alipiga magoti kunisalimu kwa adabu ya Kihaya, jambo lililonifadhaisha kwa kuwa alinizidi umri mara mbili, kisha akaingia ndani na kurudi na kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi mkubwa, kina kifuniko chake. Alipokifunua niliona matunda makavu, meusi, madogo, yenye harufu ya majani fulani niliyoshindwa kuyatambua.

"Tafuna, mwalimu," akaniambia.

Nikatia moja kinywani. Ganda lilikuwa gumu, halafu likalainika, na baada ya uchungu ukaja utamu mwembamba na harufu ya majani yale, na ulimi ukachangamka. Nikamwuliza kama hii ni kahawa. Akatikisa kichwa.

"Kahawa ni ile tunayouza chamani, mwalimu. Hii ni akamwani."

Mzee wa nyumba, alipoona kwamba nimevutiwa, alinieleza mambo ambayo baadaye niliyakuta pia katika maandishi ya wana historia. Matunda yale huchumwa kabla hayajaiva kabisa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha hukaushwa. Na mgeni akiingia nyumbani hutangulia kupewa hayo kabla ya kuulizwa habari. Walikuwa wakiyatafuna karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajafika, na siku hizo kuipanda mibuni kulikuwa chini ya amri ya abakama, yaani wafalme wa nchi zile. Zaidi ya hayo, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walichukua tunda moja lenye punje zake mbili, kila mmoja akampa mwenziwe punje iliyotiwa damu yake, wakameza. Na udugu huo ukawa mzito kuliko udugu wa tumbo. Waganda, jirani zao wa kaskazini, walikuwa na ada hiyo hiyo, na kwao punje huitwa emmwanyi, neno ambalo hata mtu asiyejua Kihaya wala Kiganda ataona kuwa ni pacha wa akamwani.

Nilikaa Bukoba miaka kadhaa, na jawabu la yule bibi halikunitoka. Kwake yeye mti ulikuwa mmoja, ila kile kilichokuwa cha udugu na ukarimu kilikuwa na jina lake la kale, na kile kilichokuwa cha mizani, cha daraja la kwanza na la pili, cha risiti na cha malipo yanayokawia, ndicho kilichoitwa kahawa. Neno la Kiarabu lilimfikia kwa njia ya Kiswahili, na Kiswahili kilimfikia kwa njia ya soko na serikali: Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, waliohimiza mibuni ipandwe kwa wingi ili wananchi wapate fedha ya kulipia kodi. Waganda nao, kama nilivyokuja kujua, waligawa mambo kama tulivyoyagawa sisi wa pwani, kwani kinywaji hukiita kaawa, na punje zikabaki emmwanyi. Neno letu likaendelea na safari: Rwanda na Burundi ni ikawa, na katika Kiswahili cha Lubumbashi ni kawa. Popote lilipofika, lilifika na kinywaji au na mnunuzi.

Yule kijana wa mkutanoni alisema kwamba kahawa haina shina katika ardhi hii. Mmea unalo, kwa kuwa robusta ni mti wa misitu ya Afrika ya kati na ya maziwa makuu. Na jina la kienyeji lipo, lina umri, na lina ada zake. Lakini katika hotuba yake yote hakulitaja. Alikuwa tayari kulifukuza neno la Mwarabu, ila hakwenda kumwuliza Mhaya.

Kilimanjaro mambo ni mengine, kwa sababu kule mibuni ya arabika ililetwa na mapadri mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaishika kwa bidii hata mwaka 1933 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vya kale kabisa vya ushirika barani Afrika. Hapo hapakuwa na jina la zamani la kupotea.

Miaka mingi baadaye nilikuwa safarini kwenda Omani kuwaona jamaa, nikalazimika kulala Addis Ababa. Jioni nilikaribishwa na mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na kufukiza ubani, na mbele yangu akaosha punje mbichi, akazikaanga juu ya makaa, akanipitishia chombo puani ninuse moshi wake kabla hajazitwanga. Kahawa ilichemkia katika jebena, chombo cha udongo chenye shingo nyembamba, ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono viitwavyo sini. Akaniambia jina la kinywaji: buna. Nilikaa kimya nikisikia sauti ya nyanya yangu akinituma dukani, maana buni ya duka la Ngamiani ilikuwa mjukuu wa neno hili. Waarabu walilichukua Uhabeshi wakasema bunn, sisi tukalichukua kwao tukasema buni, na punje zikasafiri na jina la mahali zilipoota, ilhali maji yake yakapewa jina lililozaliwa kwingine. Mama yule alinimiminia mara ya kwanza, akaiita abol. Mara ya pili, akaiita tona. Na ya tatu, ambayo mgeni mwenye adabu haondoki kabla hajainywa, jina lake ni baraka. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Maskati, kwa bin ami wangu, ambaye wazazi wake walihama Unguja katika miaka ya 1960 na ambaye mpaka leo hugombana na wanawe kwa Kiswahili na kuwabembeleza kwa Kiarabu, tulianza kwa tende, kisha ikaja qahwa nyepesi, ya manjano, iliyojaa hiliki. Nilipomaliza kikombe kilijazwa tena, na tena.

"Tikisa kikombe, bin ami," akaniambia. "Usipotikisa utamiminiwa mpaka alfajiri."

Ada hizo za Omani, Saudia, Falme za Kiarabu na Qatar, UNESCO iliziandika mwaka 2015 katika orodha ya turathi za wanadamu, na mimi nilifurahi kwa ajili yao. Jambo dogo tulilolizungumza usiku ule, hata hivyo, ndilo lililonibakia: Mwarabu akitaka kutaja rangi ya kahawia husema bunni, yaani rangi ya punje, ilhali Mturuki husema kahverengi, rangi ya kahawa, na Mswahili naye husema kahawia. Katika jambo hili lugha yetu imekaa pamoja na Istanbul, na Kiarabu kimekaa pamoja na Uhabeshi. Anayetaka kuyagawa maneno kwa kabila na dini aanze na rangi hiyo, aone kama itamtii.

Ulaya neno hili liliingia kwa mlango wa Waturuki. Kutoka kahve yao Waitalia walipata caffè, Wafaransa café, Waholanzi koffie, na Waingereza coffee. Na Waturuki wenyewe huita chakula cha asubuhi kahvaltı, kile kiliwacho kabla ya kahawa, kama ambavyo watu wa Brazili hukiita café da manhã, kahawa ya asubuhi. Wafaransa, baada ya kuwa na café kwa muda mrefu, walilipokea neno lile lile mara ya pili kutoka kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini, na lahaja ya mitaani ikapata caoua, hata leo wamo ndugu wawili katika lugha moja wasiofanana sura. Kashmir nako kahwa ni chai ya kijani yenye zafarani na hiliki, haina buni hata punje moja. Na mwanazuoni Linnaeus, alipoupa mti jina la kitaalamu mwaka 1753, akauita Coffea arabica, mti wa Uarabuni, kwa sababu Ulaya iliipokea kahawa kutoka bandari za Yemeni, wakati misitu yake ya asili iko Uhabeshi. Jina hilo la kimakosa limo katika kila kitabu cha mimea duniani, na hakuna atakayelibadilisha.

Ukiyapanga haya yote pamoja utaona kwamba dunia nzima imelishika jina la mnywaji na mchuuzi, qahwa, na majina ya waliolima na kutafuna, buna na akamwani, yamebaki karibu na shamba. Hili silo kosa la neno. Ni ushahidi wa namna biashara ilivyokwenda, nani alipanga bei na nani alipangiwa. Kumfukuza shahidi kwa sababu hukupendezwa na ukoo wake ni kuiharibu kesi ya mkulima wa Kagera, ambaye hata sasa hulipwa sehemu ndogo ya bei ya kikombe kinachouzwa katika mikahawa ya Ulaya. Insafu kwake ni kuukamilisha ushahidi, na kazi hiyo inawezekana.

Kwa hiyo nawaomba watunga kamusi wetu, wa Baraza la Kiswahili la Taifa na wa vyuo vikuu, kwamba watakapoandika upya kidahizo cha kahawa wasitosheke na kusema kuwa asili yake ni Kiarabu, bali waongeze kwamba maana yake ya kwanza ilikuwa mvinyo. Chini ya buni waandike Uhabeshi. Na wafungue kidahizo kipya cha akamwani, kwa maana yake kamili ya tunda la kutafuna na la kumkirimu mgeni, kama walivyofungua vidahizo vya vyakula vya makabila mengine vilivyokwisha kuzoeleka mijini. Nanyi wasomaji wa Bukoba, Muleba, Misenyi na Karagwe, ambao bibi zenu bado wanayajua majina ya majani yale yanayochemshwa pamoja na matunda, yaandikeni majina hayo mwaka huu, pamoja na namna ya kuyapika, mkayapeleke kwa watunga kamusi hao.